Majumba Yamebomoka, Hati Zimebaki

Ukitoka Goma kwa barabara ya Sake, ziwa likiwa mkono wa kushoto, ukaanza kupanda milima ya Masisi, baridi hukupokea kabla hujafika Mushaki. Mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo yanabaki nyuma. Mbele ni majani mafupi ya kijani, yaliyolishwa na ng'ombe hadi yakaonekana kama yamenyolewa, na waya za miba zinazopanda kilima na kushuka upande wa pili bila kujali mto wala kijiji. Halafu, katikati ya malisho, pasipo ukuta wala paa, unaona dohani ya mawe imesimama peke yake.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoiona ya kwanza. Mama alikuwa amepanda kununua maharage na viazi vya kuja kuuza mjini Goma, mtaa wa Birere. Mimi, badala ya kulinda magunia kama nilivyoagizwa, nikafuata njia iliyopandwa mikaratusi mistari miwili, mirefu kuliko mti wowote niliokuwa nimeuona mjini. Njia ile ilinifikisha kwenye ngazi za mawe ya volkano ambazo juu yake hapakuwa na mlango. Palikuwa na sakafu ya simenti nyekundu, imepasuka, lakini pale ilipokuwa nzima bado iling'aa. Mama mmoja alikuwa ameanika mahindi juu yake. Mwisho wa sakafu, dohani. Nikauliza hii ilikuwa nyumba ya nani, nikaambiwa ya mzungu. Nikauliza na shamba ni la nani. Hapo yule mama akainama, akaendelea kugeuza mahindi yake.

Sitakitaja kilima kile, maana ardhi yake inagombaniwa hadi leo na watu wanaojuana. Lakini swali lile lilinikaa, na ndilo lililonifanya nifuatilie habari za ferme, kama tunavyoziita mali hizi hapa kwetu: nyumba kubwa, malisho, kambi ya wafanyakazi, na mpaka uliochorwa kwenye karatasi inayolala ofisini, mbali na kilima chenyewe. Nyumba ziliporomoka. Wenyewe waliondoka, au walifukuzwa, au walikufa. Karatasi zilibaki, zikahama mkono hadi mkono, na ninaamini sehemu kubwa ya machungu ya Masisi na Rutshuru imeandikwa ndani yake.

Tarehe 13 Januari 1928 Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake tu, CNKi. Kazi yake ilikuwa kutafuta wazungu wenye mtaji na kuwagawia ardhi iliyoitwa tupu. Wabelgiji hawakutaka mzungu maskini Congo; aliyekuja kulima ilimpasa aonyeshe kwanza kwamba ana fedha. Kuhusu huo utupu, chanzo chake ni cha zamani zaidi: tarehe 1 Julai 1885 dola la Leopold wa Pili lilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa na mtu ni mali ya dola. Mhunde, mwenyeji wa milima hii, aliyeacha shamba lipumzike misimu kadhaa, msitu alikotundika mizinga yake, bonde ambalo ukoo mzima uliliweka akiba kwa watoto watakaooa, vyote viliweza kuhesabiwa kuwa tupu, kwa sababu siku ofisa alipopita hapakuwa na moshi unaofuka. Ninapoona dohani za Masisi huwa nalikumbuka jambo hilo. Mgeni alijenga jiko la mawe, moshi wake ukaonekana mbali, na kuanzia hapo kilima kikawa na mwenyewe.

Walikuja kwa sababu ya hali ya hewa. Milima hii iko juu, mbu ni wachache, udongo wa volkano unashika kila mbegu. Kivu iliitwa Uswisi ya Afrika, nao waliokuja walijenga kana kwamba ni kweli: kuta nene za mawe, paa zenye mwinuko mkali, mahali pa kuotea moto sebuleni, bustani ya waridi mbele. Kwenye mashamba walipanda kahawa ya arabika, pareto, mti wa kwinini, na baadaye chai. Miongoni mwao walikuwemo hata makabaila hasa wa Ulaya. Mwanamfalme Eugène de Ligne, ambaye ukoo wake una ngome ya Belœil kule Ubelgiji, alikuwa na kampuni iitwayo Linea, jina lililotokana na la ukoo, yenye mashamba Kivu hadi kisiwani Idjwi.

Mti wa kwinini unastahili maneno zaidi. Hadi 1942 karibu kwinini yote ya dunia ilitoka kisiwa cha Java. Wajapani walipokiteka kisiwa hicho, majeshi ya Washirika yaliyokuwa yakipigana kwenye nchi za malaria yalibaki bila dawa. Magome ya miti ya Kivu yakawa mali ya vita. Mwanamke aliyekuwa akibandua magome hayo kwenye mteremko, mtoto mgongoni, hakuwa na sababu ya kujua kwamba askari walio vitani Asia wanasubiri kazi ya mikono yake. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na sijaona mnara wala kibao hata kimoja kinachomkumbuka.

Kwa habari ya mikono yenyewe: mashamba yalikuwa mengi kuliko watu waliokuwa tayari kuyafanyia kazi. Wahunde walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuamkia kengele ya mtu mwingine. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango wa kuhamisha Wanyarwanda, ukijulikana kwa herufi MIB, kutoka Rwanda iliyokuwa pia chini ya Wabelgiji, yenye watu wengi na iliyopigwa na njaa mara kwa mara. Hadi 1955 zaidi ya watu 80,000 walikuwa wameletwa Kivu. Gishari, katika Masisi, ardhi ya Wahunde, ilitengwa kwa ajili yao na kupewa utawala wake. Mwaka 1957 utawala huo ukafutwa kwa kalamu ileile iliyouanzisha. Kwa hiyo walikuwepo watu wa aina mbili juu ya kilima kimoja. Mmoja aliambiwa ardhi ya babu yake ni tupu. Mwingine aliambiwa kuna ardhi tupu inamsubiri. Aliyewaambia wote wawili alikuwa mmoja, naye alikuwa anahitaji vibarua.

Tunajua kidogo jinsi nyumba za namna hii zilivyoishi kwa ndani kwa sababu mwenyeji mmoja aliandika. Rosamond Halsey Carr, Mmarekani wa New Jersey aliyekuwa akichora picha za mitindo ya mavazi New York, alifika Congo mwaka 1949 pamoja na mumewe. Ndoa haikudumu. Yeye alibaki. Alisimamia shamba la pareto la Buniole, upande wetu wa mpaka, kisha katika miaka ya 1950 akavuka kuingia Rwanda na kuchukua shamba la Mugongo, juu ya Gisenyi, chini ya volkano. Pareto ni ua dogo jeupe linalofanana na daisi. Linataka baridi na mwinuko, linachumwa moja moja, kwa kawaida na wanawake na watoto, kisha linakaushwa. Dawa ya kuua wadudu iko ndani ya kichwa cha ua. Likichelewa kukauka limeharibika, hivyo banda la kukaushia ndilo lilikuwa moyo wa mali yote. Sebule yenye mahali pa moto ilikuja baadaye.

Bei ya pareto ilipoanguka, Carr alipanda maua ya kupamba na kuyauza kwenye mahoteli. Wenzake waliuza na kuondoka mmoja mmoja. Yeye alivuka uhuru, alivuka mapinduzi. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalipoanza aliondolewa, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi akiwa na miaka 82. Nyumba yake ilikuwa imeporwa. Tarehe 17 Desemba 1994 alifungua kituo cha yatima, Imbabazi, ndani ya lile banda la kukaushia pareto. Alifariki Septemba 2006 akiwa na miaka 94, baada ya mamia ya watoto kupita mikononi mwake. Nyumba ya Mugongo ingalipo, na bustani yake ingalipo. Kutoka Goma, siku ambayo mawingu yameinuka, unaweza kuiona milima inayoikinga. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini hiyo ilibaki na zetu zikaanguka, na jibu ninalolipata si la usanifu. Banda lile lilipata kazi iliyowahusu watu wanaolizunguka.

Upande wetu mambo yalikwenda vingine. Baada ya tarehe 30 Juni 1960 walowezi wengi walikimbia, baadhi wakarudi, wakakimbia tena wakati wa maasi na wa mamluki wa 1967. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ferme nyingi zilikuwa bado zinafanya kazi. Kilichozimaliza kilikuja mwaka 1973, kwa hatua mbili.

Ya kwanza ilikuwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai. Ilisema ardhi yote ya Zaire, kama Congo ilivyoitwa wakati huo, ni ya dola, haiuzwi wala haihamishiki. Mtu anapewa tu haki ya kuitumia. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za wanavijiji juu ya ardhi wanazokalia kwa mila zitapangwa na amri ya Rais. Rais huyo, Mobutu, alitawala karibu miaka 24 zaidi na akaondoka bila kuitoa amri hiyo. Msomaji wa mjini anaweza kuliona hili kama jambo la wanasheria. Maana yake kilimani ni hii: mwami, yaani chifu wa mila, anaweza kukupa shamba kwa mbuzi na pombe mbele ya mashahidi, ukalima miaka thelathini, ukazika wazazi wako humo, kisha akaja mtu na hati kutoka ofisi ya vipimo vya ardhi, na mbele ya hakimu ni yeye mwenye haki.

Ya pili ilikuja tarehe 30 Novemba. Mobutu alitangaza Kinshasa kwamba mashamba, maduka na viwanda vidogo vya wageni vitapita mikononi mwa Wazaire. Zairianizasheni. Katika milima yetu kila nyumba yenye dohani ilikuwa sasa inasubiri bwana mpya, na ingeweza kuwa siku ya haki. Watu waliolima pale tangu 1930 walikuwepo, wengine wakiwa kizazi cha tatu cha makapita, yaani wanyapara, na vibarua, ardhi ilikuwepo, mzungu alikuwa anaondoka. Hakuna aliyewauliza. Mali zilikwenda kwa wakubwa wa chama, maafisa, wafanyabiashara wenye jina, watu wa makabila mbalimbali waliofanana kwa jambo moja tu, yaani ukaribu na waliokuwa wakigawa. Wengi wao hawakuwa wakulima na hawakukusudia kuwa wakulima. Ng'ombe waliuzwa. Mashine za kukoboa kahawa zilifunguliwa kipande kwa kipande. Kahawa iliyozeeka haikupandwa upya. Mabati ya nyumba kubwa yalishuka kwenye lori, kisha mbao, kisha madirisha. Mwaka 1976 serikali iliwaita wenyewe wa zamani warudi wachukue sehemu ya mali; waliorudi walikuta sakafu.

Ndipo malisho yalipotanuka. Shamba la kahawa au pareto linataka mamia ya mikono. Ng'ombe wanataka wachungaji wachache na waya. Bwana mpya aliyekaa Goma au Kinshasa alipendelea ng'ombe, na waliokuwa wafanyakazi wakajikuta hawana kazi wala ardhi. Jibini ya Masisi tunayoikata asubuhi kwa mkate, ile ya mviringo yenye ganda la manjano, tunaijivunia kwa haki, na ninaipenda kama kila mtoto wa Goma. Lakini kila gurudumu la jibini limetoka kwenye kilima ambacho mtu alikuwa akilima. Hadi leo wapo wanaopata kipande cha kupanda maharage ndani ya ferme kwa kulipa salongo, yaani siku kadhaa za juma wanafanya kazi kwa mwenye malisho bila ujira. Neno hilo, ambalo Mobutu alilitumia kwa kazi ya kujenga taifa, huku kwetu limekuwa jina la kodi ya ardhi.

Hapa ninataka kumpeleka msomaji mbali, Ayalandi, na nina sababu. Mtu aliyeiambia dunia yaliyokuwa yakitendeka Congo ya Leopold, Roger Casement, alizaliwa Sandycove, karibu na Dublin, mwaka 1864. Akiwa konseli wa Uingereza alipanda mto Congo mwaka 1903, akasikiliza waliokatwa mikono na waliokimbia kazi ya mpira wa msituni, na ripoti yake ikachapishwa mwaka uliofuata. Hakufika Kivu. Lakini baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba Congo ndiko alikojitambua kuwa Mwairishi: aliyaona mateso yale kwa macho ya mtu ambaye taifa lake nalo liliwahi kuwindwa. Aliishia kuupigania uhuru wa nchi yake, na Waingereza walimnyonga London tarehe 3 Agosti 1916.

Kwa nini Mwairishi aone jambo la ardhi upesi hivyo? Kwa sababu nchi yake nzima ilikuwa ferme. Karne ya 19 karibu ardhi yote ya Ayalandi ilikuwa ya makabaila, na aliyeilima aliilipia kodi na aliweza kufukuzwa. Njaa kuu iliyoanza 1845, ugonjwa ulipoangamiza viazi, iliua watu wapatao milioni moja na kuwatawanya wengine milioni moja ng'ambo. Katika jimbo la Mayo, juu ya ziwa liitwalo Lough Carra, kuna gofu la jumba ambalo kila nikiona picha yake naiona Masisi. Linaitwa Moore Hall. Lilijengwa kati ya 1792 na 1795 na George Moore, aliyetajirika kwa biashara ya divai Hispania. Mwanawe John alifanywa rais wa jamhuri ya Connacht wakati wa maasi ya 1798, jamhuri iliyodumu siku chache, naye akafa kifungoni. Wakati wa njaa, mjukuu George Henry Moore alikuwa na farasi aliyeshinda mbio kubwa za Chester mwaka 1846; fedha za ushindi alizitumia kuwalisha wapangaji wake, na jambo hilo linasimuliwa hadi leo.

Hawakuwa makabaila wabaya, basi. Na bado, usiku wa tarehe 1 Februari 1923, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji walilichoma jumba lile pamoja na maktaba yake. Zaidi ya majumba 200 ya makabaila yalichomwa nchini humo katika miaka hiyo michache. Kuta za Moore Hall zimesimama, ghorofa zote, miti imeota ndani, na popo adimu wanaishi kwenye vyumba vya chini. Mwaka 2018 halmashauri ya jimbo ililinunua pamoja na msitu wake, na wananchi wanatembea humo Jumapili.

Kilichonigusa zaidi ya moto ni kilichotokea kabla na baada yake. Mayo hiyohiyo ndiko wakulima walikoanzisha umoja wao wa ardhi mwaka 1879. Mwaka uliofuata, si mbali na Lough Carra, walimsusia msimamizi wa shamba la kabaila, Kapteni Boycott, hata asipate wa kumvunia wala wa kumuuzia mkate, na jina lake likawa neno la kususia katika lugha nyingi za Ulaya. Mashinikizo hayo yalizaa sheria. Ile ya 1903 iliwezesha serikali kumlipa kabaila bei ya shamba, na mkulima akairudishia serikali kidogo kidogo kwa miaka 68 na nusu. Polepole, hati kwa hati, ardhi ilihamia kwa walioilima. Jumba lilipochomwa, ardhi iliyolizunguka ilikuwa imeshaanza kupata wenyewe wengi. Leo Mwairishi anaweza kulitazama gofu kwa huzuni, akasoma kibao, akapiga picha, akaenda nyumbani kwake. Gofu halimdai.

La Masisi linamdai kila mtu. Machi 1993, kwenye soko la Ntoto huko Walikale, kulianza mauaji yaliyoenea Masisi yote. Nyuma ya chuki za makabila kulikuwa na swali la nani ana haki ya kilima na nani anapaswa kumlipa mwami. Uraia nao ulikuwa umechezewa: sheria ya 1972 iliwapa uraia wahamiaji waliofika Kivu kabla ya 1960, ile ya 1981 ikawanyang'anya, na mtu asiye raia hawezi kuwa na uhakika wa hati. Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka kuingia Goma kwa siku chache, kipindupindu kikawaua maelfu kwa maelfu juu ya mawe ambayo hayakubali hata kuchimbwa kaburi. Kambi moja, kwenye barabara ya Rutshuru, ilibeba jina la Katale, jina ambalo kabla ya hapo lilikuwa la shamba maarufu la kahawa. Ilikusanya watu kama 200,000. Nina hakika vijana wengi wa Goma wakisikia Katale wanafikiria mahema ya plastiki, na hawajui kwamba kahawa yake iliwahi kunywewa Brussels.

Kila vita iliyofuata ilipita kwenye ferme. Malisho ni mahali pazuri pa kuweka kambi: kuna maji, kuna nyama, unaona mbali. Mwenye silaha anageuka kuwa mlinzi wa waya, na mlinzi akishika waya muda mrefu anaanza kuwa mwenye kilima. Chini ya majani ya Rubaya, humuhumu Masisi, yalikutwa madini ya koltani, na kilima cha ng'ombe kikawa mashimo yanayolisha viwanda vya simu duniani. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Sake na kisha Goma, njia waliyoshukia ilikuwa hii ya mikaratusi na dohani.

Nimeombwa mara kadhaa niandike juu ya hoteli ya Rwindi, iliyokuwa katika uwanda ulio kusini mwa ziwa Edward, ndani ya Virunga, mbuga ya taifa iliyoanzishwa 1925 kwa jina la Mfalme Albert, ya kwanza Afrika. Watalii walilala pale kutazama viboko, waliokuwa zaidi ya 25,000 katika miaka ya 1970 na wakashuka chini ya 1,000 miaka thelathini baadaye. Hoteli nayo ikawa kuta na madirisha matupu. Naona uchungu wake. Wengine huniuliza juu ya jumba la Mobutu la hapa mjini, ukingoni mwa ziwa, lililobadilisha wakaaji kila utawala ulipobadilika tangu Novemba 1996. Hayo yana watu wa kuyakumbuka. Dohani za malishoni hazina, na zenyewe ndizo zinazoeleza kwa nini mtu wa Masisi alikuja kulala kambini Mugunga chini ya turubai.

Ningependa jambo moja lifanyike, nalo halihitaji fedha nyingi. Kumbukumbu za CNKi na za ofisi za vipimo vya ardhi zifunguliwe na zisomwe kwa sauti vijijini, kwa Kiswahili, kilima kwa kilima: nani alipewa mwaka gani, hekta ngapi, nani alikuwa akikaa hapo siku hiyo, nani alipokea 1973, nani alimuuzia nani. Moto na lava vimekwisha kula nyingi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipita katikati ya mji huu na ofisi zake. Zilizobaki zisisubiri mlipuko mwingine. Watu wanaweza kugombana juu ya yale yaliyoandikwa. Sasa hivi wanauana juu ya yale wanayoyakisia.

Nilirudi kwenye kilima changu nikiwa mtu mzima, kabla vita ya sasa haijafunga barabara. Mikaratusi ilikuwa imekatwa kwa makaa, imebaki visiki mistari miwili. Ngazi hazikuwepo, mawe yake niliyatambua kwenye msingi wa kanisa dogo chini ya njia na kwenye majiko ya nyumba tatu. Sakafu nyekundu ilikuwa imevunjwa, kipande chake kimoja kimewekwa mlangoni mwa banda la mbuzi ili watu wasikanyage tope. Ilikuwa siku ya salongo, wanawake walikuwa wakifyeka malisho kwa mstari, majembe ya kwao yakisubiri pembeni.

Dohani tu ndiyo ilikuwa nzima. Hakuna jiwe lake hata moja lililoguswa, ingawa ni mawe mazuri, yamechongwa, na kila mtu pale anajenga. Nikawauliza sababu. Wakanieleza kwamba kwenye hati ya zamani mpaka wa ferme unapimwa kuanzia hapo: kutoka kwenye dohani hadi mtoni, kutoka kwenye dohani hadi mti wa mwisho. Mwenye malisho anaihitaji isimame ili aonyeshe ardhi yake inapoanzia. Wanavijiji wanaihitaji isimame ili waonyeshe waya umesogezwa mbele kiasi gani.